Kompyuta Kuukuu Yaweza Kupewa Ubongo Mwingine

Kama nyumbani kwako au mahali pako pa kazi ipo kompyuta ya mezani iliyopita umri wa miaka kumi, bila shaka umekwisha kuambiwa, tena zaidi ya mara moja, kwamba uitupe ununue nyingine. Ushauri huo ni mwepesi kuutoa, hasa kwa yule ambaye fedha zitakazotumika si zake. Leo napenda tuuchunguze pamoja, kwa sababu katika mtaa wetu ushauri wa namna hiyo nusura uigharimu nyumba moja ada ya chuo ya mtoto.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, anaendesha kibanda cha uchapaji karibu na kituo cha daladala. Hapo hupigwa chapa barua za maombi ya kazi, hutolewa nakala za vyeti, hujazwa fomu za vijana wanaoomba vyuo na mikopo, na jioni viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa huleta hesabu zao zipangwe. Mwaka 2024 kazi yote hiyo ilikuwa juu ya mabega ya kompyuta moja tu, mashine ya ofisini iliyotengenezwa mwaka 2011, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo. Mashine hiyo ilikuwa imechoka. Mteja akiomba fomu ya kwenye intaneti, mama alibofya, kisha akageuka kubana makaratasi ya mteja mwingine, akijua kwamba atakapoyamaliza ukurasa utakuwa ndio kwanza unafunguka. Mumewe alikuwa amekwisha kuzungumza na mkopeshaji mwenye riba kali ili wanunue mashine mpya, na malipo ya mwanzo yalikuwa yatoke katika akiba iliyowekwa kwa ajili ya binti yao aliyekuwa akijiandaa kwenda kusomea uuguzi.

"Shemeji," aliniambia jioni moja, "wewe huandika gazetini mambo ya nyumba na vyombo. Hebu niambie, chombo hiki kimekufa au kinaumwa tu?"

Swali hilo ndilo linalopasa kutangulia, na ajabu ni kwamba wachache huliuliza. Kompyuta haichakai kwa namna ya kiatu. Prosesa, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote, haina kitu kinachozunguka wala kinachosuguana. Ikipozwa vizuri, aghalabu huishi kuliko vyombo vyote vinavyoizunguka. Kinachobadilika ni mzigo. Kurasa za intaneti za leo ni nzito mara nyingi kuliko zile za mwaka 2011, na programu nazo zimenenepa. Punda ni yule yule, lakini gunia limeongezwa.

Mama yeyote aliyekwisha kupika chakula cha shughuli atalielewa jambo hili mara moja. Prosesa ndiyo mpishi. Memori ni meza ya kuandalia, na diski ni stoo ya vyakula. Mpishi hodari akipewa meza ya shibiri moja, kila atakapotaka kukata kitunguu itambidi kwanza arudishe nyanya stoo. Na kama stoo yenyewe iko ng'ambo ya ua na mlango wake hufunguka kwa shida, wageni watalala na njaa ilhali mpishi hana kosa lolote. Basi kabla ya kumfukuza mpishi, tazama meza na stoo. Katika mashine yenye Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nawe utaonyeshwa kwa asilimia nani amelemewa: prosesa, memori au diski. Fanya hivyo wakati kazi imepamba moto, si asubuhi mashine ikiwa imekaa bure.

Tulipoitazama ile ya jirani yetu, tulikuta memori ya gigabaiti 2 imejaa pomoni, na diski inafanya kazi kwa asilimia 100 bila kupumua. Kwa hiyo tulianza huko. Memori ilipandishwa hadi gigabaiti 8, na ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka ikapumzishwa, mahali pake ikawekwa diski ya SSD isiyo na kitu cha kuzunguka hata kidogo. Tofauti yake si ya kubahatisha. Diski ya sahani huzungusha sahani mara 7,200 kwa dakika, na kila inapotakiwa kutoa kitu hubidi mkono wake usogee na kungoja sehemu ihusikayo ipite chini yake; SSD hukitoa kitu hicho kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Nasema hivi mapema, ingawa mazungumzo yetu ya leo ni ya prosesa, ili nisije nikakupoteza: mwenye fedha za kununulia kitu kimoja tu, na anunue SSD. Prosesa ni ya tatu katika foleni.

Lakini ya tatu nayo huwa na zamu yake. Baada ya matengenezo hayo mashine iliwaka upesi, barua zikafunguka upesi, ila kila mama alipotaka kuchapa kitabu cha mteja mmoja huku akijaza fomu ya mwingine, ile asilimia ya prosesa ilipanda hadi 100 ikakaa huko. Ndani mlikuwa na Pentium G620, prosesa ya mwaka 2011 yenye viini viwili tu, kila kimoja kikienda kwa kasi ya gigahezi 2.6. Kiini ni kama mpishi kamili. Viwili ni wapishi wawili. Katika mashine ile ile, bila kubadili kisanduku wala kioo, paliwezekana kuwekwa wanne.

Huenda ukauliza, msomaji, kuna faida gani kununua prosesa nyingine ya zamani kuiweka katika mashine ya zamani? Swali hilo lina haki. Katika miaka ya 1990 jibu lingekuwa gumu, maana wakati ule kompyuta ya miaka mitatu ilikuwa mzee kweli kweli. Prosesa ya 486 ya Intel ilipotolewa mwaka 1989 ilikwenda kwa megahezi 25. Kufikia mwaka 2000 zilikuwapo zinazokwenda megahezi 1,000, mara arobaini zaidi katika miaka kumi na mmoja. Ndipo joto lilipoziba njia. Mwishoni mwa mwaka 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8, na tangu hapo hadi leo kasi za prosesa za madukani hazijafikia hata maradufu ya hiyo. Watengenezaji waligeukia kuongeza viini na kukifanya kila kiini kimalize kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa yake. Prosesa za leo zimeziacha mbali za mwaka 2011, sikatai, lakini kwa barua, hesabu, fomu na uchapaji, prosesa nzuri ya mwaka 2011 yenye viini vinne haijawa kikongwe. Mashine nyingi za ofisini zilitoka kiwandani na prosesa dhaifu kwa sababu mnunuzi alitaka bei ndogo, na si kwa sababu ubao wake haukuweza kubeba iliyo bora.

Sasa niingie mahali ambapo fedha za wengi hupotelea, zangu zikiwamo.

Prosesa hukaa katika soketi, kikalio cha mraba kilicho juu ya ubao mkuu wa kompyuta. Kila kizazi kina kikalio chake, nacho hutambulikana kwa idadi ya miguso. Kwa upande wa Intel, soketi ya miguso 775 ilianza mwaka 2004. Ya 1156 ikaja mwaka 2009. Ya 1155 mwaka 2011. Ya 1150 mwaka 2013. Ya 1151 mwaka 2015. Ya 1155 haiingii katika ya 1156 ingawa kwa macho ni pacha, na vijipengele vya pembeni vimewekwa mahali tofauti makusudi ili mtu asilazimishe. Mashine ya jirani yetu ilikuwa ya 1155. Hilo nililijua vizuri, na nikajiona fundi.

Jumamosi moja nikaenda Kariakoo. Muuzaji wa vipuri vilivyotumika akanionyesha Core i5-3470, ya mwaka 2012, viini vinne, gigahezi 3.2, bei ya kupendeza. Nikamwuliza kama itaingia katika soketi ya 1155. "Mzee, inaingia kabisa," akanijibu. Wala hakusema uongo. Kuingia iliingia, tena kama pete kidoleni. Tukafunga, tukawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi kama chungu. Tukazima, tukawasha tena. Giza. Ilikuwa saa mbili usiku, na Jumatatu ilikuwa miongoni mwa siku za mwisho za maombi ya vyuo; mama alikuwa amekwisha kupokea fedha za vijana kadhaa. Alisimama mlangoni na funguo mkononi, hakusema neno, na mimi ningependelea aseme.

Kosa lilikuwa langu kabisa. Soketi si mwenyeji wa mwisho wa prosesa. Juu ya ubao ipo chipseti, ambayo ni kama karani wa mlangoni, na ipo programu ya BIOS inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Karani asipoutambua mgeni, hata kama kiti kipo, mgeni hakai. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari katika majina hayo ya Intel huonyesha kizazi: 2400 ni cha pili, 3470 ni cha tatu. Vizazi vyote viwili hukaa katika soketi ya 1155, lakini chipseti za Q65, Q67 na B65, ambazo ziliwekwa katika mashine nyingi za ofisini za mwaka 2011, zilipangiwa kizazi cha pili peke yake. Chipseti za H61, H67, P67 na Z68 za wakati ule ule huweza kupokea cha tatu, iwapo mtengenezaji wa ubao alitoa BIOS mpya na ikapandishwa. Ya jirani yetu ilikuwa Q65. Mtego wa namna hii umerudi baadaye pia: soketi ya 1151 ya mwaka 2015 na ile ya kizazi cha nane ya mwishoni mwa 2017 zina idadi ile ile ya miguso, ila ubao wa kwanza hauikubali prosesa ya pili.

Usiku ule tulirudisha ile Pentium ya zamani, na mashine ikaamka. Sijapata kufurahia kuona maandishi ya kuamkia ya kompyuta kama siku ile. Jumanne nikarudi kwa muuzaji, ambaye kwa uungwana wake alikubali kubadilishana kwa nyongeza ndogo, nikachukua Core i5-2400: kizazi cha pili, viini vinne, gigahezi 3.1 inayoweza kupanda hadi 3.4. Hiyo ndiyo iliyomo hadi leo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti, andika mambo mawili katika karatasi: jina kamili la mashine au la ubao wake, na jina la prosesa iliyomo. Kisha tafuta katika tovuti ya mtengenezaji orodha ya prosesa ambazo ubao huo unazikubali, na toleo la BIOS linalohitajiwa kwa kila moja. Neno la muuzaji, hata akiwa mwaminifu, si badala ya orodha hiyo. Na kama BIOS haina budi kupandishwa, usiithubutu kazi hiyo pasipo betri ya akiba ya kushika umeme. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo ubao waweza kubaki gogo, na sote tunaujua umeme wetu.

Wenye mashine za AMD wana bahati zaidi, na yafaa niwape haki yao. Soketi yake iitwayo AM4 imedumu kuliko desturi: ubao ulionunuliwa mwaka 2017 pamoja na Ryzen ya kwanza, ukishapandishwa BIOS inayofaa, waweza kupokea hata Ryzen 7 5800X3D iliyotoka mwaka 2022. Laiti watengenezaji wote wangekuwa na subira hiyo.

Kazi yenyewe ya kubadilisha si ya kutisha, ila yataka utulivu, meza safi na watoto wakiwa wamelala. Iwashe mashine dakika chache kwanza ili ile dawa ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na bamba la kupozea, ilainike. Kisha zima, chomoa waya ukutani, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kisanduku kabla ya kugusa kitu cha ndani, maana umeme wa nguo zako, usioweza kuusikia, waweza kuua kitu cha thamani. Bamba la kupozea likishafunguliwa skrubu lizungushe kidogo huku na huku. Usilinyofoe kwa nguvu. Katika mashine za AM4 prosesa ina miguu yake yenyewe, na huweza kung'oka pamoja na bamba ikapinda. Katika soketi za Intel nilizozitaja miguso iko ndani ya soketi, myembamba kama nywele, nayo ikipinda ubao wote umeharibika. Kwa hiyo prosesa huwekwa kwa kuiachia ikae, pembe yenye alama ya pembetatu ikielekea alama mwenzake, bila kuisukuma. Ikikataa, hukuiweka sawa; iinue uanze tena.

Futa dawa ya zamani kwa kitambaa na spiriti hadi chuma king'ae, kisha tia mpya kiasi cha punje ya choroko, katikati. Wapo wanaopaka kama siagi juu ya mkate wa mgeni. Ni uharibifu, nayo humwagika pembeni. Skrubu zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, na waya wa feni usisahauliwe. Nimekwisha kumwona fundi mzima akiusahau.

Joto ndilo adui halisi katika miji yetu ya pwani. G620 imepimwa kwa wati 65, i5-2400 kwa wati 95. Nyongeza hiyo yote hutoka kama joto, na feni iliyojaa vumbi na utando wa buibui haitaiweza. Kibanda kilicho kando ya barabara hula vumbi mchana kutwa. Tulipofungua mashine ya jirani yetu tulitoa vumbi la kujaza kikombe, na nina hakika sehemu ya uchovu wake ilitokana na hilo, kwani prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa visanduku vile vyembamba vya ofisini, vyenye nafasi ndogo ya hewa, zipo prosesa zenye herufi S mwishoni, kama i5-2400S, ambazo huenda polepole kidogo lakini hubaki katika wati 65. Ni afadhali hizo kuliko kubanika iliyo kubwa.

Jambo moja prosesa hiyo haikuweza kulitatua, nami sitalificha. Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, ukiacha vighairi vichache. Kizazi cha pili hakimo hata ukilia. Mashine inayobeba vitambulisho na vyeti vya watu haifai kuachwa bila ulinzi huo. Mwezi ule tukaiwekea Linux Mint, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi vizuri katika mashine ya namna hiyo, pamoja na LibreOffice kwa barua na hesabu. Juma la kwanza mama alinung'unika sana. Barua zilizopangwa kwa programu nyingine zilifunguka zikiwa zimehama mistari, na ilitubidi kuongeza aina za herufi zilizokosekana. Juma la tatu sikumsikia tena. Mtu ambaye riziki yake inategemea programu isiyofanya kazi katika Linux, kwake hesabu ni tofauti, naye asinifuate mimi.

Wala usinifuate kama mashine yako ni ya soketi ya 775 na bado ina memori ndogo ya zamani. Hapo fedha za prosesa, memori na diski zikijumlishwa hukaribia bei ya mashine ya ofisini iliyotumika ya miaka ya karibuni zaidi, na ni heri kuinunua hiyo. Na kompyuta za mapajani siku hizi karibu zote prosesa zake zimelehemiwa ubaoni moja kwa moja, kwa hiyo maneno yangu yote ya leo hayazihusu.

Gharama ya vitu vyote vitatu vya jirani yetu haikufika robo ya ule mkopo, ambao hawakuuchukua. Binti yuko chuoni, mwaka wa pili. Ile Pentium ya zamani iko ndani ya kijisanduku cha plastiki, katika droo ya mezani pa mama, chini ya stempu na gundi. Nilimwomba asiiuze wala asimpe mtoto aichezee, kwa kuwa siku kioo kitakapokuwa cheusi tena, hiyo ndiyo itakayotuambia kama kilichokufa ni prosesa au ni ubao.